Nimemeza dawa za virusi vya Ukimwi aina nne tangu 2007. Hii ya sasa, TLD, imenipa mwili na sukari. Niombe nirudishiwe ya zamani?

#1 Bi Cherehani (mleta uzi)

Hodi wanajukwaa. Mimi msomaji wa siku nyingi humu ndani, leo ndiyo nimejisajili, na nimejisajili kwa ajili ya uzi huu tu. Niko Tanga mjini, fundi cherehani, umri unakwenda 51. Dawa nilianza 2007, kwa hiyo asije mtu akaniambia "utazoea tu". Nilizoea wengine humu mkiwa bado chekechea.

Nieleze kwanza nilikopita.

2007 CD4 zangu, yaani chembe za kinga, zilikuwa 87. Enzi zile huanzishwi dawa mpaka zishuke chini ya 200. Si kama sasa, tangu 2016 ukikutwa nayo tu unaanza. Nikapewa kidonge cha asubuhi na jioni, ndani yake stavudini, lamivudini na nevirapini. Wiki mbili za mwanzo nevirapini walitoa nusu kwa kuhofia vipele. Kuna mwenzangu tulianza naye siku moja, alibabuka ngozi mpaka midomo na macho, akalazwa. Mimi ikanipita salama. Miezi sita baadaye nimekaa kwenye cherehani, mimi niliyekuwa nabebwa kwenda chooni. Ndiyo maana ile dawa siitukani, pamoja na iliyonifanya.

Iliyonifanya ni miguu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mwaka wa pili nikawa sisikii kanyagio. Nyayo kama zimevishwa soksi za pamba, na usiku zinawaka moto. Ikawa nashona huku natazama miguu badala ya sindano, nijue kama inakwenda au imesimama. Mashavu yakaingia ndani, mikono ikatoka mishipa. Na Ngamiani mnaijua, mtu hahitaji kuona kadi yako, anakusoma usoni.

Mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani likasema stavudini iondolewe taratibu. Mimi nikabadilishiwa 2010, nikapewa yenye zidovudini. Hiyo nayo ikanimaliza damu, nikawa wa kupumua kama nimepanda Lushoto kwa miguu. 2013 ikaja TLE, yaani tenofoviri, lamivudini na efavirenzi ndani ya kidonge kimoja cha usiku. Raha ya kidonge kimoja asikwambie mtu! Lakini ndoto jamani. Kuna siku niliota nashona sanda ya mteja aliye hai, naye amesimama mbele yangu ananiambia mikono niifanye mifupi.

Mwanzoni mwa 2020 tukahamishiwa TLD, yaani efavirenzi imetoka, imeingia dolutegraviri. Ndoto zikakata. Usingizi ndiyo ukawa wa mang'amung'amu, nikashauriwa nimeze asubuhi, nikahamia asubuhi. Miaka ikaenda vizuri.

Sasa shida. Fundi hadanganywi na futi. 2020 kiuno changu kilikuwa inchi 32, leo 39. Nguo zangu nimetoa mishono yote, hakuna tena cha kutoa. Mawifi wanasema nimenawiri. Sukari kliniki wameiona imepanda kidogo, wanaifuatilia. Na juzi majibu ya wingi wa virusi yametoka 1,640, mimi ambaye miaka yote naambiwa "havionekani". Mhudumu (kituo sikitaji) akanitazama kama mwizi wa kuku: "Mama, unaruka dawa." Wallahi siruki.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Kwa mtu kama mimi, faida ya TLD bado inazidi hasara yake? Niombe kurudishwa TLE? Maana kuna jirani kanishauri nipumzike miezi mitatu mwili ujisafishe.

#2 Kahawa Tungu

Nimeshika nafasi, kahawa na kashata viko mkononi. Wajuvi njooni.

#3 Kijana wa Sahare

Bi mkubwa pole. Mimi nasema ukweli hata ukiuma: hizi dawa ni sumu ya polepole. Mimi mwenyewe natumia mwaka wa tatu, nimeambiwa kreatinini imepanda, maana yake figo zinakwenda. Jirani yako kasema kweli. Pumzika, kunywa mlonge na kitunguu saumu, mwili una akili yake. Hakuna anayekupa kitu cha bure chenye faida.

#4 Nahodha Mstaafu

Kijana, nitakujibu bila hasira ingawa ninayo.

Kaka yangu alikuwa na akili ya mwili kama unayoisema. Mwaka ule wa kikombe cha Babu wa Loliondo cha shilingi 500, mnaukumbuka, aliuza baiskeli na nyavu akapata nauli. Aliporudi akachukua mkebe wake wa dawa, akamimina vyote shimoni mbele ya mama yetu, akasema nimepona. Na kweli miezi minne ya kwanza alinenepa! Alikuwa anatupigia mfano, "nitazameni". Mwezi wa saba kikohozi. Mwezi wa kumi na moja tulimzika.

Siongezi.

#5 Dawa Baridi

Nipo kwenye fani, duka la dawa na kabla ya hapo hospitali, ila humu mimi si daktari wako, bi. Nianze na hilo la kupumzika kwa sababu ndilo linaloweza kukuua wiki hii.

Lilishajaribiwa, tena kwa uangalifu kuliko jirani yako atakavyoliangalia. Utafiti wa SMART, matokeo yake yalitoka 2006, watu 5,472 katika nchi 33. Kundi moja waliendelea na dawa mfululizo, kundi jingine walikuwa wanaacha CD4 zikiwa juu na kurudi zikishuka. Waliokuwa wanaacha walipata magonjwa nyemelezi au kufa mara mbili na nusu hivi zaidi ya wenzao, ikabidi utafiti usimamishwe mapema. Na hili Kijana wa Sahare alisikie vizuri: hata magonjwa ya moyo, ini na figo yalikuwa mengi zaidi kwa waliopumzika. Virusi vyenyewe vinaumiza figo kuliko tunavyodhani.

Halafu kuna homa ya ini B. Tenofoviri na lamivudini zilizomo kwenye TLD zinaibana pia. Mwenye B akiacha ghafla, ini linaweza kuwaka ndani ya wiki chache. Wengi wetu pwani hii hatujui kama tunayo.

Sasa bi, kabla sijagusa swali lako la TLE nijibu mimi: kingine unameza nini? Chochote. Cha hospitali, cha duka, cha mganga, cha shoga yako. Saa ngapi, na kwa kitu gani?

#6 Bi Cherehani

Haya mwanangu. Asubuhi saa 12 na nusu chai ya rangi, andazi mbili na mbaazi za nazi za hapo kona. Mbaazi hizo nazipenda na zenyewe hazinipendi, kiungulia kinapanda papo hapo. Kwa hiyo natafuna vile vidonge vyeupe vya tumbo, viwili, kisha TLD naimeza na chai ileile iliyobaki. Mchana kidonge cha kalsiamu cha magoti, binti yangu ananiletea kutoka Dar. Jioni unga wa mlonge kijiko kimoja kwenye uji.

Hayo ya tumbo yana kama mwaka na nusu sasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

#7 Dawa Baridi

Nilijua. Bi, huruki dawa. Unaimeza, halafu unaifunga kamba kabla haijaingia mwilini.

Vidonge vya kiungulia vingi vina magnesiamu na aluminiamu. Dolutegraviri inafanya kazi kwa kushika madini ya aina hiyo ndani ya kimeng'enya cha kirusi. Sasa ikiyakuta tumboni kwanza, inashikana nayo hukohuko, inakuwa donge, inatoka nalo chooni. Walipopima kwa watu waliomeza vyote kwa pamoja, dawa iliyofika kwenye damu ilipungua karibu robo tatu. Yaani kwa mwaka na nusu umekuwa unameza kidonge kizima, na dolutegraviri yake ukapata kama robo tu. Siwezi kuapa kuwa hiyo ndiyo sababu pekee ya 1,640, lakini ningekuwa mimi ningeanzia hapo kabla ya kumwita mtu mwongo.

Utaratibu wake: TLD iwe masaa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au masaa 6 baada yake. Kalsiamu na vidonge vya damu vina tabia hiyohiyo, ila hivyo vina unafuu mmoja: ukivimeza pamoja na TLD wakati wa kula chakula hakuna neno. Dawa ya kiungulia haina unafuu huo hata ule pilau. Mlonge kama mboga sina ugomvi nao, unga wa kila siku utaje kliniki waandike.

Kuhusu kurudi TLE. Ndugu zangu, nimeulizwa hili mara nyingi na nadhani watu wanakumbuka wembamba wanasahau mengine. Kirusi kikijibadilisha sehemu moja tu, efavirenzi na nevirapini zote mbili zinagota. Dolutegraviri ni ngumu sana kuzoeleka, ndiyo maana hata kwa robo dozi mwaka na nusu una 1,640 tu na si laki. Ukirudi TLE leo, na virusi vimeamka, unaweza kuwa unakwenda vitani na panga la mbao.

Mwili kunenepa ni kweli, hujaota. Johannesburg walifanya utafiti unaoitwa ADVANCE, watu 1,053, majibu ya kwanza yakatoka 2019. Wa dolutegraviri na tenofoviri hii yetu waliongezeka kama kilo 3 kwa wiki 48. Wa dolutegraviri na ile tenofoviri mpya ya TAF kama kilo 6. Wa efavirenzi ndio walioongezeka kidogo kuliko wote, chini ya kilo 2. Wanawake walinenepa kuliko wanaume. Lakini kuna kipande watu hawakisomi: baadaye waligundua kuwa wale ambao miili yao inachelewa kuichuja efavirenzi ndio hawakunenepa kabisa. Kwa maneno mengine, sehemu ya wembamba ule wa TLE huenda ilikuwa ni dawa inawasumbua. Ndoto yako ya sanda na kiuno chako cha 32 vinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Sukari usiiache. Wakifika kukuanzishia metiformini, wakumbushe uko kwenye TLD, maana dolutegraviri inaipandisha kwenye damu na kwa kawaida haivushwi miligramu 1,000 kwa siku. Na maandazi mawili kila asubuhi, bi... nimenyamaza.

#8 Kahawa Tungu

"Panga la mbao" 😂 Huyu jamaa apewe kipaza sauti.

#9 Kijana wa Sahare

Sawa, ya kupumzika nimeelewa. Lakini figo zangu mbona hujajibu?

#10 Dawa Baridi

Nilikuwa nafunga duka. Figo zina mambo mawili tofauti yanayochanganywa.

Dolutegraviri inazuia kreatinini, taka ya kawaida ya mwili, kutoka kupitia mlango mmoja wa figo. Kipimo kinapanda kidogo wiki za mwanzo, kisha kinatulia hapo. Figo haijaumia, ni msongamano mlangoni tu. Tenofoviri ndiyo inaweza kuumiza figo kweli, na mifupa kuipunguzia uzito, si kwa wengi, ila hatari inaongezeka kwa mwenye presha, mwenye sukari, mtu mzima sana, na anayekula dawa za maumivu hovyo. Kreatinini inayoendelea kupanda kila ukipima ndiyo ya kuogopa, na hapo wanayo dawa mbadala. Wewe una presha? Unafanya kazi gani?

#11 Kijana wa Sahare

Presha sina. Napakua mizigo bandarini. Mgongo ndiyo unaniua, kwa hiyo diklofenaki kila jioni. Kama miaka miwili hivi.

#12 Dawa Baridi

Kila jioni. Miaka miwili. Na lawama ukaitupia TLD.

Kesho acha hiyo diklofenaki, tumia parasetamoli kwa kipimo chake, nenda kliniki uwaambie hayo uliyotuambia sisi, wakurudie kreatinini.

#13 Nahodha Mstaafu

Kijana usione haya. Sisi wavuvi tulikuwa tunaimeza kama karanga.

#14 Mama Kijacho

Samahani naingilia, mimi niko Muheza, nina miaka 24, mimba ya wiki 10. Nimeanzishwa TLD wiki iliyopita baada ya kupimwa kliniki ya wajawazito. Nimesoma mtandaoni kwamba kule Botswana dawa hii ilizaa watoto wenye kasoro ya uti wa mgongo. Sijalala siku tatu. Mume bado hajui. Kidonge cha jana sikumeza.

#15 Mkunga wa Pongwe

Mwanangu, kimeze sasa hivi halafu urudi usome.

Umekimeza? Haya. Hiyo habari ni ya kweli na imepitwa na wakati, vyote viwili. Mei 2018 watafiti Botswana walitoa tahadhari: kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa tayari kwenye dolutegraviri, watoto 4 walikuwa na kasoro hiyo. Wakafanya jambo la heshima, hawakuficha. Nchi nyingi zikasita kuwapa wanawake dawa hiyo, wengine tukawabakiza kwenye efavirenzi na ndoto zake. Wakaendelea kuhesabu. 2019 kiwango kikawa kimeshuka mpaka watoto 3 katika kila 1,000, na Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote, wajawazito wamo. Kufika 2022 walikuwa wamehesabu mimba zaidi ya 9,000 za dolutegraviri na tofauti ikawa imefutika, sawasawa na dawa nyingine.

Na kasoro yenyewe hutokea wiki nne za kwanza tangu mimba itunge. Wewe una wiki 10 na dawa umeanza juzi. Mlango huo ulishafungwa zamani, mwanangu. Kinachokutafuta sasa ni kirusi kumfikia mtoto, na TLD inashusha virusi upesi kuliko zilizotangulia, ndiyo faida yake kubwa kwa aliyechelewa kujua kama wewe. Vidonge vya damu ulivyopewa kliniki meza pamoja na TLD ukiwa unakula, kama alivyosema mfamasia hapo juu. La mume tutalizungumza, njoo faragha. Usimwambie ukiwa peke yako kama una wasiwasi naye.

#16 Mume wa Mtu

Niongezee kwa huyu binti na kwa Bi Cherehani. Mimi ninayo, mke wangu hana, mwaka wa 11 huu wa ndoa na watoto wawili, wote hawana. Virusi visipoonekana huambukizi, hilo si la kutufariji tu. Utafiti wa PARTNER wa Ulaya, 2016, wenza 888 mmoja anayo mwingine hana, tendo bila kondomu kama mara 58,000, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake aliye kwenye dawa. Mke wangu anazijua namba hizo kuliko mimi.

Ila bi, kwa 1,640 hiyo kinga hamna kwa sasa. Kondomu mpaka virusi vishuke tena.

#17 Bi Cherehani

Mume nilimzika 2006 baba. Lakini asante kwa kuniwazia makuu 😄

#18 Boda Kange

Mimi nina TB pia. Nimeandikiwa dolutegraviri ya ziada ya jioni, rafiki zangu wananitisha eti nimezidishiwa dozi.

#19 Dawa Baridi

Hujazidishiwa. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB inaivunja dolutegraviri haraka, kwa hiyo wanakupa miligramu 50 mara mbili. Utaendelea hivyo mpaka wiki mbili baada ya kumaliza dawa za TB. Usiiache siku unayomaliza TB kwa furaha.

#20 Kahawa Tungu

Na ile sindano mpya? Nasikia unachomwa mara mbili kwa mwaka biashara imeisha.

#21 Dawa Baridi

Ya mara mbili kwa mwaka, lenakapaviri, hiyo unayoisikia ni ya kumkinga asiyenayo. Haichukui nafasi ya TLD. Kwa wenye virusi kuna sindano ya kabotegraviri na rilpivirini kila miezi miwili. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kama njia mbadala kwa ambao virusi vimeshashuka na hawana homa ya ini B, maana haiigusi B. Kwa Tanga tuzungumze kidonge kwanza.

#22 Shangazi Raskazone

Mmemsahau mlonge. Msiwatupe waganga wote. Wakongwe mnaikumbuka TAWG, kile kikundi cha kupambana na Ukimwi hapahapa Tanga, walikaa na waganga wa jadi miaka ya 90 wakati ARV hazijafika kwetu. Dawa za miti zilitumika kwa fangasi, vipele, kurudisha hamu ya kula, watu wakafa kwa staha kidogo. Mganga wa maana anakwambia hivyo mwenyewe: natibu vipele, kirusi siwezi. Anayekwambia acha za hospitali huyo ana njaa.

#23 Bi Cherehani

Nimerudi, imepita miezi minne. Nimesoma upya uzi mzima kabla ya kuandika.

Siku ya pili baada ya #7 nilikwenda kliniki na mfuko. Nikamwaga mezani: vidonge vya tumbo, kalsiamu, kopo la mlonge. Safari hii nilimkuta muuguzi mwingine, akavigeuza kimoja kimoja akisoma nyuma, akasema "kwa nini hatukuulizi hivi siku zote?" Nikakaa kimya, lilikuwa swali lake. Akanipa ushauri wa ufuasi wa miezi mitatu kama utaratibu ulivyo, kisha wakarudia kipimo.

Virusi havionekani.

TLD imehamia kwenye kile kijaluba cha bobini pembeni ya cherehani, naimeza saa 12 kamili kabla sijawasha jiko. Vidonge vya tumbo nimevipeleka kabatini jikoni, mbali, na tangu niache mbaazi za asubuhi nimevitafuna mara mbili tu. Natembea kwa miguu mpaka Raskazone jioni. Sukari imeteremka, dawa yake bado hawajanipa. Kiuno ni 38, nilikuwa nadhani kitaanguka mara moja lakini wapi. Miguu ganzi ile ya stavudini haikuondoka yote, mpaka leo nikiwa nimechoka natazama kanyagio.

TLE siiombi tena. Nahodha, nilimwombea kaka yako. Kijana wa Sahare uko wapi?

#24 Kijana wa Sahare

Nipo bi. Kreatinini imerudi chini. Mgongo bado unauma, nimehamia kuhesabu mizigo badala ya kuibeba.

#25 Mama Kijacho

Bi Cherehani hongera! Mimi wiki ya 27 sasa, virusi vimeshuka, na mume amejua, tulikwenda pamoja na mkunga. Amepima, hana. Nguo zote zimenibana. Dera la mjamzito unashona bei gani?

#26 Bi Cherehani

Mwanangu, nikikutajia bei utanijua.